Akili Ikiondoka, Hurudi Vipi? Bangi, Unga na Fiq-hi ya Anayepona katika Mwambao wa Tanganyika

Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.), aliyemtukuza mwanadamu kwa akili kisha akamkalifisha kwa sababu ya akili hiyo hiyo. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Maswahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu msomaji, katika maswali yanayoletwa misikitini kwetu huku Ujiji, Gungu na Mwanga, yapo matatu ambayo hayaishi. Mama anauliza: mwanangu ameacha bangi, lakini alikaa miezi hajui asubuhi wala jioni, je, Swala za miezi ile atazilipa? Mke anauliza: mume wangu alinitamkia talaka akiwa katika hali ile, je, mimi ni mke au si mke? Na ndugu wanauliza: fungu la mirathi la huyu mwenzetu tumkabidhi sasa, au tumshikie? Ukiyatazama vizuri, yote matatu ni swali moja. Akili iliyoondolewa na kilevi hurudi lini, na hujulikana kwa alama gani kwamba imerudi?

Watu wengi hudhani swali hili ni la zama zetu. Sivyo. Wanazuoni waliliandikia miaka zaidi ya mia saba iliyopita, na ufuko huu wetu una historia yake ndani yake.

Ujiji ilikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora. Kwa njia hiyo ziliingia nguo, shanga, bunduki, na ikatoka pembe. Kwa njia hiyo waliuzwa wanadamu, jambo ambalo hatuna haki ya kulipitia kimya. Na kwa njia hiyo hiyo ilikuja lugha hii ya Kiswahili, na wakaja walimu wa Qur'an. Bangi nayo ilisafiri katika njia hizi. Richard Burton, Mwingereza aliyefika Ujiji na mwenzake Speke Februari 1858, alitoa kitabu chake London mwaka 1860, na ndani yake mna habari za bangi kuvutwa katika nchi hizi za bara. Livingstone, ambaye kila mtoto wa Ujiji anajua palipo mnara wake, alikuwa ameielezea mapema zaidi, katika kitabu cha 1857 kuhusu safari zake za upande wa Zambezi. Alichokisema kinafaa kuzingatiwa na mwanafunzi wa fiq-hi: kwamba mvutaji akikuta unyasi njiani huinua mguu juu kana kwamba anavuka gogo la mti. Huyo macho yake ni mazima. Kilichoharibika ni ile mizani ya ndani inayopima ukubwa na udogo wa mambo.

Habari ya ajabu zaidi inatoka ng'ambo ya ziwa, mbali upande wa Kasai. Mwaka 1881 Mjerumani Hermann Wissmann na mwenzake Pogge walifika kwa watu walioitwa Bashilange, chini ya mfalme wao Kalamba Mukenge. Wissmann huyo ndiye aliyevuka Ziwa Tanganyika mwaka uliofuata akielekea pwani, na ndiye aliyerudi miaka michache baadaye kuipiga vita jamaa ya Abushiri. Aliwakuta Bashilange wameacha pombe na kushika bangi, ambayo kwao huitwa riamba, wakaifanya ndiyo kiungo cha umoja wao. Walijiita Bena Riamba, yaani wana wa bangi. Walikusanyika kuivuta pamoja, wakafanyia amani kwayo, na mkosaji aliadhibiwa kwa kuvutishwa mpaka azimie. Wamo wanahistoria wanaoielekeza asili ya mmea ule mashariki, kwenye njia zile zile za misafara.

Nimeirefusha habari hii kwa makusudi. Kilevi hakimshiki mtu kwa moshi peke yake, kinamshika kwa jamaa. Kijana wa Kibirizi anayekaa kijiweni tangu saa nne asubuhi ana kundi linalomjua kwa jina, linalomgawia msokoto hata siku asiyo na kitu, na linaloulizana asipoonekana. Siku anapoacha, anaacha na hao wote. Akija msikitini akakuta watu wanasogeza viatu vyao mbali naye, basi tujiulize tumempeleka wapi.

Tuje sasa kwa maulamaa. Kwanza neno lenyewe, maana limewakosesha wengi. Mwanafunzi akisoma katika vitabu vya Kishafii neno *banj*, haraka hutafsiri "bangi". Katika vitabu vya kale *banj* ni mmea mwingine, ambao matabibu waliutumia kumlaza mgonjwa asihisi maumivu. Bangi tuijuayo sisi waliiita *hashish* au *qinnab*. Baadaye majina yalichanganyika, na Kiswahili kikachukua lake kutoka upande wa Uajemi na Uhindi. Kwa hiyo ukikuta Imamu Nawawi (aliyefariki 676 H / 1277) anamtofautisha aliyekunywa *banj* kwa tiba na aliyeinywa bila haja, usidhani anaruhusu msokoto.

Hashish haikuzungumzwa na Maimamu wanne, kwa sababu ilienea baada yao. Ibn Taymiyya (aliyefariki 728 H / 1328) anaiweka mwishoni mwa karne ya sita ya Hijra, zama za kutoka Matatari. Walipoizungumza waliofuata waliafikiana juu ya uharamu wake wakatofautiana katika adhabu. Ibn Taymiyya aliona mlaji apigwe hadi kama mnywaji wa mvinyo. Al-Qarafi wa Misri (aliyefariki 684 H / 1285), katika *al-Furuq*, alitofautisha baina ya kitu kinacholevya kwa kuleta furaha na ushujaa wa uongo na kitu kinachoharibu akili bila hayo, akaiweka hashish katika fungu la pili, lenye taaziri na si hadi. Az-Zarkashi (aliyefariki 794 H / 1392) akaandika risala nzima juu ya uharamu wake. Hatuingii katika mzozo wao wa hadi. Tunachotaka kukiona ni kuwa walikwenda hatua zaidi ya kusema "haramu" wakanyamaza: walichunguza kitu hiki kinaifanya nini akili.

Na aliyekwisha zama? Hapa ndipo panapoonekana upana wa fiq-hi. Ibn Hajar al-Haytami, mwanachuoni wa Makka aliyefariki 974 H (1567), ambaye *Tuhfa* yake ndiyo tegemeo la Mashafii wa Hadhramaut na wa mwambao wetu, aliulizwa kuhusu mtu aliyezoea afyuni mpaka akawa asipoila ataangamia. Jibu lake, kwa maana yake, ni kuwa ikijulikana kwa yakini kwamba ataangamia basi inamhalalikia, bali inamlazimu kubakisha roho yake, mfano wa aliyedharurika na mzoga. Lakini ni wajibu juu yake kuipunguza kidogo kidogo, mpaka mwili uache mazoea yake pasi na kushtuka. Akiacha kufanya hivyo ana dhambi na ni fasiki. Fatwa hii aliinukuu Ibn Abidin wa Damascus (aliyefariki 1252 H / 1836), ambaye ni Hanafi, pamoja na kauli ya Khayruddin ar-Ramli kuwa misingi ya Kihanafi haipingani nayo.

Tafadhali isome fatwa hiyo mara ya pili. Miaka mia nne na arobaini na ziada kabla ya hospitali zetu kufungua kliniki za waraibu, alimu wa Makka alikwisha jua kwamba mwili una mazoea yake, kwamba kukatiwa ghafla kunaweza kuua, na kwamba dawa ni tadriji.

Februari 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kuwapa methadoni waraibu wa heroini, huu unga ulioingia kwa njia ya Bahari ya Hindi na kuwamaliza vijana wa Dar es Salaam na Unguja. Zikafuata Mwananyamala na Temeke, na mwaka 2015 Zanzibar nayo ikafungua huduma hiyo Kidongo Chekundu, kisha mikoa mingine. Methadoni ni dawa ya jamii ile ile ya afyuni; mgonjwa hunywa kipimo chake kila siku mbele ya muuguzi, arosto haimjii, na akipewa kwa kiasi sahihi halewi, bali hufanya kazi na kurudi nyumbani. Wapo miongoni mwetu waliosema juu ya mimbari kuwa huku ni kubadilisha kileo kwa kileo. Mimi naona kauli hiyo haikupita kwa Ibn Hajar.

Atasema msemaji: sharti la fatwa ni kuhofia kuangamia, na arosto ya unga kwa mtu mwenye afya mara chache huua. Ni kweli. Lakini anayekatwa ghafla mara nyingi hurudi, na akirudi baada ya wiki za kuacha, mwili umekwisha sahau kipimo cha zamani; kete ile ile aliyoizoea ndiyo inayomuua. Hutokea kwa wanaotoka gerezani, na hutokea kwa wanaotoka nyumba za upataji nafuu. Basi hofu ya kuangamia ipo, ila imejificha nyuma ya kuta. Na tadriji isigeuzwe kuwa pupa: kiasi na muda ni vya daktari, na wako wanaohitaji miaka. Kwa mlevi wa pombe na gongo mambo ni makali zaidi, kwani akikatiwa siku moja anaweza kupatwa na degedege na kuweweseka hadi kufa. Wanaowafungia watoto wao chumbani, au kuwafunga minyororo kwenye mti kwa mganga, wajue kuwa wanachezea roho iliyoharamishwa.

Tukirudi kwa bangi, ambayo ndiyo balaa kubwa ya ufukoni kwetu kuliko unga, hiyo haina dawa ya kubadilishia. Anayeiacha baada ya kuivuta sana hukosa usingizi, hukosa hamu ya chakula na hukasirika kwa neno dogo, hali inayomkalia wiki mbili hivi. Kumbukumbu na utulivu wa fikra hurudi polepole. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2001 uliwapima wavutaji wakubwa, na baada ya siku 28 za kujizuia hawakutofautika tena na wengine katika mitihani ya akili. Ni bishara njema. Lakini ipo nyingine: New Zealand walifuatiliwa watu 1,037 tangu kuzaliwa miaka ya 1972 na 1973 hadi kufika umri wa miaka 38, na matokeo yaliyotoka 2012 yalionyesha kuwa walioanza bangi wakiwa wadogo wakaendelea nayo walipungukiwa na uwezo wa akili, na kuacha ukubwani hakukuwarudishia wote. Wataalamu wengine, waliowalinganisha mapacha, wamebishana nayo. Pamoja na ubishi huo, mwalimu wa madrasa anayeona mtoto wa miaka kumi na mitatu ananuka moshi asingoje wajumbe wa elimu wamalize mjadala wao.

Kuna na fungu la tatu: aliyekwisha sikia sauti zisizokuwepo, akawatuhumu wazazi kuwa wanamroga. Huko Denmark ilionekana, katika utafiti uliochapishwa 2018, kuwa karibu nusu ya waliopatwa na wazimu uliosababishwa na bangi walikuja kugundulika miaka ya baadaye kuwa na maradhi ya akili ya kudumu. Hao si wavutaji wote. Ni wale walioletwa hospitali tayari wamepoteza fahamu za kweli na uongo. Kijana wa namna hii akitulia, familia isiseme "amepona, dawa za nini tena". Na asomewe ruqya, hakuna anayekataza, ila ruqya haimzuii mtu kwenda Maweni, wala Maweni wakimwandikia kwenda Mirembe si kuitupa imani. Mtume (S.A.W.) ameamrisha tujitibu.

Watu wanaiogopa Mirembe, nami naujua ukale wa hofu hiyo. Wajerumani waliwakusanya wagonjwa wa akili Lutindi, katika milima ya Usambara, mwanzoni mwa karne ya 20. Waingereza wakajenga Dodoma katika miaka ya 1920. Reli ilikwisha fika Kigoma tangu 1914, basi mgonjwa wa huku alipandishwa garimoshi, na wengi hawakuonekana tena. Jina la Dodoma likawa tusi. Lakini nyumba ya wagonjwa wa akili si bidaa ya Wazungu. Nuruddin Zanki alijenga bimaristani Damascus mwaka 1154; Sultani Qalawun akajenga yake Cairo mwaka 1284, ikawapokea matajiri na mafukara, wanaume na wanawake, wenye maradhi ya mwili na wenye maradhi ya akili, yote kwa mali ya wakfu. Sisi wakfu zetu nyingi ni maduka yanayolipa umeme wa msikiti. Hilo ni jambo zuri, lakini si mwisho wa wakfu.

Sasa tuyajibu yale maswali. Kipimo cha akili kurudi kimo ndani ya Qur'an yenyewe, katika Suratin-Nisaa aya ya 43, ambapo aliyelewa amekatazwa kuikaribia Swala hadi ajue anachokisema. Aya haikuweka saa wala siku, imeweka ufahamu. Mama aliyeuliza juu ya Swala za mwanawe ajue kuwa Mashafii wametenganisha mambo mawili. Aliyeondosha akili yake kwa kilevi kwa hiari yake, akijua, analipa Swala za muda wa ulevi. Lakini akilewa kisha akashikwa na wazimu, hulipa za muda ambao ulevi ungeishia, na za siku za wazimu baada yake halipi. Mas-ala haya yamo katika sherehe za *Minhaj*, na wanafunzi huyapita mbio wakidhani hayatokei. Yanatokea. Kijana aliyevuta siku tatu, kisha akachanganyikiwa miezi minne bila kugusa msokoto, hadaiwi miezi minne. Kumwambia anadaiwa, naye ndio kwanza anajaribu kukumbuka idadi ya rakaa, ni kumrudisha kijiweni.

Swali la mke ni zito zaidi. Talaka ya aliyelewa kwa maasia inapita, kwa kauli inayotegemewa katika madhehebu yetu; ipo kauli ya kuwa haipiti, iliyopokewa kwa Uthman (R.A.) na kuchaguliwa na al-Muzani, mwanafunzi wa Imamu Shafii mwenyewe. Ama talaka ya mwendawazimu haipiti kabisa. Basi kadhi hawezi kujibu kabla ya kuuliza: siku ile alikuwa amevuta, au alikuwa amekwisha acha na akili ikawa bado haijarudi? Majirani waliona nini? Daktari aliandika nini? Imamu anayejibu papo hapo mlangoni mwa msikiti, "umeachika, nenda kwenu", amehukumu juu ya ndoa ya watu bila kuijua hali. Apelekwe kwa kadhi, na cheti cha hospitali kichukuliwe, maana ni ushahidi.

Limebaki la mali, na hili ndilo ninalolipenda, kwa sababu fuqahaa hapa walikuwa watu wa kazi. Wamezungumzia kijana anayepimwa uongofu wa akili kabla ya kukabidhiwa mali yake, wakasema mtoto wa mfanyabiashara apimwe kwa kuuza, kununua na kupatana bei. Mtoto wa mkulima kwa kilimo na kuwalipa vibarua. Mwenye ufundi kwa ufundi wake. Na mtihani usiwe mmoja, urudiwe mara mbili au zaidi hadi dhana iwe na nguvu. Sioni kizuizi cha kumkisia hapo mtu mzima anayepona. Hospitali humpima kwa kumtajia maneno ayakumbuke. Sisi ufukoni tunaweza kumpima kwa dagaa. Apewe karabai mbili azitunze katika giza la mwezi mmoja. Atumwe Kibirizi na fedha kidogo kununua migebuka, arudi na hesabu. Akikosea mara ya kwanza asizomewe, maana hata asiyevuta hukosea. Mwezi wa pili aongezewe. Anayeaminiwa kwa kiasi akili yake huzoea kubeba, kama mguu uliovunjika unavyozoea kukanyaga.

Na mlevi aliyeletwa mbele ya Mtume (S.A.W.) zaidi ya mara moja, mmoja katika waliohudhuria alipomlaani, Mtume alikataza asilaaniwe, akamshuhudilia kuwa anampenda Allah na Mtume wake. Hadithi hiyo imo kwa Bukhari. Mtu yule alikuwa bado hajaacha.

Jambo moja dogo la kumalizia mas-ala ya mali. Aliyekuwa mwongofu kisha akawa mharibifu wa mali, anayemzuilia ni kadhi, na ni vizuri zuio hilo litangazwe ili watu wasifanye naye biashara wakapata hasara. Kuliondoa nako ni kwa kadhi. Familia nyingi za hapa Ujiji hufanya nusu ya kwanza kwa njia zao: hupita dukani na sokoni wakisema fulani asikopeshwe, asiuziwe kwa jina la baba yake. Siku akipata nafuu hakuna anayezunguka tena. Mwenye duka la Mwanga anaendelea kumfukuza mwaka wa tatu sasa, kwa tangazo ambalo walioliweka wamekwisha lisahau. Wapite tena maduka yale yale.